Lumbesa

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya vyandarua.
Mlangoni bado imeandikwa STOO, kwa chaki.
Ndani kuna viti viwili, dirisha linalotazama ziwa,
na mzani wa watoto uliosahauliwa darini
ukining'inia kama alama ya kuuliza.

Baba, kule Kasulu, hajaelewa hadi leo.
"Shahada ya kwanza ulisomea watu.
Ya pili unasomea nini tena, watu walewale?"
Namwambia: saikolojia tiba, Baba, miaka miwili,
na saa za kuhesabiwa, kila moja na sahihi yake.
Anacheka. "Yaani umekopa ili ufundishwe kunyamaza.
Ungeniuliza mimi. Nimeishi na mama yako."

Kunyamaza ndiko kulikonishinda.
Dokta Mbawala, msimamizi wangu, hunisema kwa simu,
mtandao ukikata, ukirudi:
"Leokadia, unakimbilia kumfuta mtu machozi
kwa kuwa yanakulowesha wewe.
Kaa. Hesabu pumzi zako, si zake."

Bi Perajia
(silo jina lake; kwenye daftari ni Mteja wa Saba)
aliletwa na shemeji yake kutoka Kibirizi,
vidole vimeganda vumbi la fedha la dagaa.
Hakulia. Hakusema kafiwa, ingawa kafiwa.
Alisema, "Sisikii harufu."
Ya nini, mama?
"Ya dagaa. Tangu Februari.
Wageni wanaziba pua, mimi nachambua tu
kama ninayechambua misumari."

Nikatoa fomu. Maswali tisa,
niliyoyatafsiri mwenyewe kwa tochi ya simu,
nikibishana na neno moja hadi jogoo wa jirani akaingilia kati.
*Kwa wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi
umekosa hamu ya kufanya mambo?
Sifuri, hapana kabisa. Tatu, karibu kila siku.*

Akaitazama ile tatu.
"Baada ya tatu?"
Hakuna, mama. Inaishia hapo.
"Mwanangu, mimi ni mfanyabiashara.
Gunia lina shingo, lakini nani ananunua la shingoni?
Tunaongeza, tunashindilia, tunasuka kamba juu
hadi linaota kichwa cha pili.
Langu ni lumbesa.
Wewe unataka nilifunge shingoni
ili litoshe kwenye karatasi yako."

Darasani hatukufundishwa jibu la hili.
Nilitamani kusema kitu, chochote,
hata kile cha ukurasa wa kumi na nne.
Nikahesabu pumzi. Saba.
Kumi na moja.
Boti ikanguruma mbali, ikazima.
Mzani ukayumba kwa upepo, bila mtoto.

Ndipo akaanza kufungua kamba, tundu kwa tundu,
macho sakafuni, hadi saa ikaisha,
na wiki iliyofuata, na iliyofuata tena.
Aliyoyasema siyaandiki.
Ni mzigo wake, na bei anaijua yeye.

Wiki ya sita alikuja na hasira.
Alisukuma mlango, akakataa kiti.
"Hivi ninyi hapa hamna pua?
Jirani yangu kaanika mzigo ulionyeshewa,
umeoza, umeoza hasa,
kichefuchefu kimenifuata hadi Mwanga sokoni,
na mwenyewe anaugeuza tu, anaimba!"
Kisha akanyamaza, kiganja puani.
Tukatazamana.
Sikumbuki nani alianza kucheka.

Jioni nimefungua daftari.
Mteja wa Saba, saa moja.
Mbinu iliyotumika:
Matokeo:
Dokta anasubiri picha ya ukurasa ili asaini.
Nimeandika *harufu imerudi*, nikafuta.
Nimeandika *dalili zimepungua*, nikafuta,
na karatasi imeanza kutoboka pale.

Dirisha liko wazi. Upepo unatoka Kibirizi.
Kweli, umeoza.