Thumuni ya Honi

Pijo la buluu halikufa kwa ajali.
Lilikufa kwa chumvi,
upepo wa Malindi ukililamba chini ya milango
miaka tisa, likingoja mtu aliyekwisha zikwa.
Warithi walilileta uani kwangu, hapa Maweni,
likiburutwa kwa kamba nyuma ya trekta la kukodi,
wakasema: Ngumbao, tupe elfu arobaini,
mama anahitaji bati.

Nami nilikuwa na Pijo jingine, jeupe,
la Kitsao, gari la maharusi,
umri mmoja na lile, tumbo moja pengine,
nalo likikohoa kila penye mwinuko.

Wenye magari ya zamani wanajua: dukani hakuna.
Ukienda mpaka Mombasa, kijana wa vipuri
atakutazama kama umemwomba maziwa ya kuku.
Basi kilicho hai kinakula kilichokufa.
Neno hilo sikulipenda. Nikaliita mirathi,
nikaigawa kwa chaki, ukutani, juu ya benchi:

Kabureta, kwa jeupe.
Dinamo, kwa jeupe.
Mlango wa nyuma kushoto, kwa daktari wa Gede,
lake la kijivu lina kovu.
Springi mbili, kwa mkokoteni wa Dzombo.
Kioo cha pembeni, kwa binti yangu Kadzo,
anajitilia wanja.
Kiti cha nyuma, kuku.

Nati ya miaka hamsini haitaki nguvu.
Unainywesha mafuta ya taa usiku,
unaiacha isahau kwamba iliwahi kukazwa.
Asubuhi inakuja yenyewe, kama jino la mtoto.
Ndivyo nilivyoifungua honi, mwisho wa yote,
nikaifunga kwenye jeupe, nikaenda kula.

Jumamosi ile Kitsao alimbeba bibi harusi.
Kona ya Barani, mbuzi wamelala njiani.
Akapiga honi. Moja.
Bi Mwanasiti alikuwa barazani akichambua mchicha.
Aliinuka, mchicha ukamwagika,
akafika langoni, akavuta komeo,
ndipo akaona gari si buluu, limefungwa utepe,
na ndani yake mtoto wa watu analia kwa desturi.

Jumatatu akaja gereji. Kiti alikikataa.
Akausoma ukuta, kidole juu ya kila mstari,
kama mtu atafutaye jina lake katika orodha ya waliofaulu.
Akalizunguka la buluu: paa, matundu ya sakafu,
na yai moja, pale alipokuwa akikaa yeye.

"Honi hukuiandika."

Kweli, sikuiandika.
Nikasema nitaivua leo hii,
Kitsao nitamtafutia ya pikipiki.

"Gari la harusi lilie kama pikipiki?"
Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya leso.
"Thumuni yangu sikuwahi kupewa, Ngumbao.
Hilo bati lenyewe sijaliona, mvua bado naikinga kwa sufuria.
Andika hapo: honi, kwa mjane.
Kisha umwazime Kitsao.
Ila akipita Barani, apige mbili.
Shekue akipiga moja, ujue ana hasira, chakula kimechelewa.
Mimi sitaki, uzeeni huku,
kukimbilia lango kwa hasira za maiti."

Nikaandika. Chaki ilikuwa imebaki kama punje ya hindi.
Lile yai nikampa, akalifunga penye pindo.

Sasa kila Jumamosi, mbili.
Bado naambiwa mchicha humwagika.

Na jana jeupe limeanza kuvuja rejeta.
Nimeliendea la buluu na spana namba kumi na tatu.
Kuku, kitini, amenitazama vibaya.