Kijiko Kinachoshuka Usiku

Jioni nakiacha kijiko hewani, usawa wa kifua.
Asubuhi nakikuta kimelala thelujini
kama mtu aliyeapa kukesha na mgonjwa.

Trekta lenyewe dogo, la mwaka themanini na mbili,
rangi yake ya chungwa imebaki chini ya kiti tu.
Rosaire alilipata mnadani, Coaticook.
Maandishi ya kwenye wenzo ni ya Kijapani;
alijifunza kuyasoma kwa kukosea.

Mwezi wa tatu. Njia ya zizini imefukiwa,
mbuzi thelathini na mmoja wanadai nyasi,
nami navuta wenzo:
mikono ya chuma inapanda robo, inasita, inatetemeka,
pampu inalia kwa sauti nyembamba ya mbu sikioni.

Majirani walifika na majibu kabla ya swali.
Fernand: "Pampu hiyo. Imekufa. Zika."
Mwanawe: "Sili za silinda, mama, hazina maisha."
Nikanunua sili, dola mia mbili na kumi,
nikazivalisha kwa vidole vilivyokufa ganzi.
Kesho yake kijiko kikalala palepale.

Basi nikaanza upya, kwa aibu, mwanzo kabisa.
Kwanza magogo mawili chini ya mikono,
maana chini ya kijiko kilichoinuliwa hakuna jasiri,
kuna marehemu tu.
Kisha kijiti cha kupimia: mafuta yapo,
lakini yamejaa povu, kama chai iliyomiminwa kutoka juu.
Si maziwa. Maziwa yangekuwa maji.
Povu ni hewa.
Hewa imepita wapi?

Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.
Aliyesema hivyo hakuwa na trekta.
Nililaza magazeti chini ya tumbo la mashine usiku kucha;
yakaamka makavu, habari zote zinasomeka,
hata matangazo ya vifo.

Ilinichukua siku mbili na nusu chupa ya sharubati ya mti
kuelewa kwamba kuna kuvuja kusikodondosha.
Bomba linaloipelekea pampu mafuta
halisukumi, linanyonya.
Likipata ufa halitoi chozi.
Linavuta pumzi.

Nikaingia bafuni. Kopo lake la povu la kunyolea
liko rafuni tangu Novemba ya mwaka juzi.
Nikaliwasha trekta, likaunguruma taratibu,
nikapaka povu kwenye kila kiungo, jeupe, nene,
kama anavyopakwa mtu shavu.
Kiungo cha kwanza: kimya.
Cha pili, kimya.
Cha tatu nilikipaka mara mbili kwa kutokiamini.
Cha nne, povu likabonyea katikati,
kashimo kadogo, kana kwamba mtu amegusa kwa ncha ya kidole,
na kashimo kakaanza kula.

Oringi moja. Gumu kama kucha.
Dola mbili na senti arobaini.

Mikono ikapanda laini, bila kulalama,
nami nikapiga kelele hadi mbuzi wakanyamaza.
Lakini asubuhi kijiko kilikuwa chini.
Yalikuwa magonjwa mawili,
nami nilikuwa nikiyaita kwa jina moja.

Nikaziba mipira ya silinda: kikabaki juu hadi kulipokucha.
Kumbe ni vali, imelika kwa miaka arobaini
ya kuvutwa na kurudishwa.
Vali mpya haipatikani. Fernand ameuliza hadi Ontario.
Nilipima kwa chaki kwenye mwimo wa mlango wa banda,
palepale tulipopimia urefu wa watoto:
vidole vinne kwa saa.

Siku hizi nakishusha mwenyewe
kabla ya kuzima taa, hadi chini kabisa.

Kopo sikulirudisha bafuni.
Limo katika sanduku la spana,
kati ya kumi na nne na kumi na saba.
Ukilitikisa, bado kuna kitu ndani.