Sura ya Pili

Walibandika tangazo mlango wa maktaba,
karatasi ya njano, gundi imezidi:
Warsha ya Wasimamizi na Wanafunzi wa Tasnifu,
Ukumbi wa Juu, Jumatano, saa mbili kamili.
Chai itakuwepo.
Sentensi ya mwisho ndiyo iliyojaza viti.

Julai ya Mbeya haina adabu.
Loleza ulikuwa umejifunika wingu hadi kidevuni,
nasi tuliingia na makoti, na mablanketi,
na soksi ndani ya kandambili.
Mwezeshaji, mgeni wa Dodoma,
alipanda jukwaani na shati la mikono mifupi
akatukaribisha huku meno yakigongana.

Nikapokea kitambulisho cha shingoni,
kalamu ya wafadhili isiyoandika,
nikasaini pa kusaini,
nikageuka kutafuta kiti cha nyuma,
ndipo nikamwona.
Dokta Mwasomola. Msimamizi wangu.
Miezi minne anayo sura yangu ya pili.
Miezi minne nampisha koridoni
nimeinamisha kichwa kama mdaiwa,
ilhali mdai ni mimi.

Kiti kilichobaki kilikuwa kando yake.

"Shikamoo, Dokta."
"Marahaba, Tumpe. Baridi."
"Baridi, Dokta."
Tukaiachia baridi mazungumzo.

Mwezeshaji akasema: badilishaneni.
Msimamizi awe mwanafunzi, mwanafunzi awe msimamizi.
Dakika kumi. Andikeni barua
ambayo mwenzako hajathubutu kuituma.
Vicheko vikapita safu kwa safu,
vilipofika kwetu vikafa.

Niliandika: Mpendwa Tumpe, kazi yako nimeipokea.
Nikakwama.
Sikujua wasimamizi huandika nini baada ya hapo.

Yeye aliandika muda mrefu, mgongo umepinda,
mkono umeizingira karatasi
kama mtoto wa darasa la nne anayeogopa kuibiwa majibu.
Kisha, bila kunitazama, akanisogezea:

Mheshimiwa Msimamizi,
naitwa Tumpe Mwaijande.
Nimezunguka vijiji sita vya Uporoto
nikiuliza majina ya mbegu za viazi zisizolimwa tena.
Nimepata thelathini na mbili.
Mvua ilininyeshea kwenye la kumi na nane.
Naomba kujua kama umesoma.
Kama hujasoma, naomba kujua kwa nini,
maana kimya chako nimekipigia hesabu nyingi
na kila jibu linaniambia nimekosea mimi.

Haya sijawahi kumwambia mtu.
Hata Anyelwisye, tunayelala chumba kimoja,
hajui habari ya hesabu zile.

Chini kabisa, mwandiko umenywea:
Ukurasa wa tisa umeandika Macho-Saba.
Mama alikuwa akiificha mbegu hiyo chini ya kitanda
tusiile kabla ya msimu.
Niko ukurasa wa tisa tangu Machi.

Chai ikatangazwa.
Ukumbi mzima ukainuka kama kundi la kanga,
chapati zina wenyewe.
Dokta hakuinuka.
Akafungua mkoba, akatoa sura yangu,
pembe zimejikunja, jalada lina duara la kikombe.
Akafunua wa kumi.
"Una kalamu?"

Nilikuwa na ile ya wafadhili.
Nikaisugua viganjani, nikaipulizia
kama mtu anayeamsha mkaa wa jana,
nikaichora chora nyuma ya ratiba
mpaka ikakohoa wino.

Nje walipiga picha ya pamoja,
imetundikwa sasa pale pale mlango wa maktaba;
mwezeshaji amevaa koti la kuazima,
sisi wawili hatumo.

Alisoma. Akarudi nyuma mstari mmoja. Akasoma tena.
Halafu pembeni, kwa wino ule wa kukohoa, akaandika:
Hapa hueleweki. Fafanua.

Nikaenda kuchukua vikombe viwili
kabla tangawizi haijaisha.