Mwanamke wa Tatu, Mahakamani

Walikuja Newala msimu wa korosho,
gari mbili, jenereta, na mwavuli mweupe
usiokuwa wa mvua.
Mwongozaji, Fidelis, kofia kaigeuza kisogoni,
alisema anatafuta nyuso.
Nyuso tunazo, tukamwambia. Maji ndiyo hatuna.

Filamu ilihusu dhehebu:
watu wasiokubali jina lao liingie kwenye karatasi,
kwani jina lililoandikwa, wanasema,
ni kuku aliyefungwa mguu;
mwenye kamba ndiye mwenye kuku.
Hawana kadi, hawana cheti, hawahesabiwi.
Serikali inawataka wajisajili.
Hapo ndipo kisa kinapoanza
na hapo, kwa kweli, ndipo kinapoishia.

Tuliazimwa mahakama ya mwanzo, Jumamosi.
Hakimu alikuwa Hokororo, muuza salfa,
joho limeishia magotini,
akisoma hukumu kama mtu anayesoma bei:
kikundi kimefutwa, nyumba ya ibada ifungwe,
atakayekutwa anaimba, miezi sita.
Sisi tulilipwa elfu kumi kumi, tulie.
Mama yangu, Bi Somoe, aliwekwa benchi la mbele.
Kwenye karatasi yao aliitwa Mwanamke wa Tatu.

Tukalia. Mimi nililia vizuri,
niliikumbuka bei ya msimu uliopita.
Mama hakulia.
Alisimama, akashika ukingo wa benchi, akaimba
kitu kisichokuwamo, kwa Kimakonde cha zamani,
sauti ya chini, ya mtu anayetwanga peke yake usiku,
na wanawake wawili nyuma yake,
mmoja wa Kitangari, mwingine wa Mnyambe,
ambao sikujua kama wanafahamiana,
wakaitikia.
Walijua pa kuitikia.

Hokororo akasahau maneno yake.
"Msikate," Fidelis alinong'ona. "Msikate."

Jioni, mezani pa malipo, kidole gumba cha mama
kilikataa wino. Nikasaini mimi.
Tulirudi kwa miguu, ukungu unapanda
kutoka Shimo la Mungu, hakuna aliyesema neno,
nami njia nzima nahesabu:
cheti changu cha kuzaliwa, alichonikatia shangazi kwa siri
nikiwa na miaka kumi na tisa;
jina la shuleni, nililopewa na mwalimu
kwa kuwa daftari lilikuwa linangoja;
kaburi la baba, jiwe tupu.
Miaka yote nilidhani ni umaskini.

Filamu ilikawia mwaka na nusu.
Ilikwenda kwa wakaguzi, ikarudi imepungua.
Tuliitazama kwenye banda la Nampota, kiingilio mia tano,
vijana wananung'unika, wanangoja mechi.
Ikafika mahakama. Ikafika zamu ya mama.
Kinywa chake kikafunguka
na sauti hakuna.
Dakika nzima ya kinywa.
Tulisikia jenereta nje, na mtu akapiga kelele:
"Nampota, spika imekufa!"
Nampota akainuka kugusagusa nyaya.

Gizani, ubavuni kwangu, mama akaanza.
Polepole, akiifuata midomo yake mwenyewe ukutani,
mwanzo anajichelewa,
kisha akajifikia.
"Imepona," Nampota akasema, akarudi kukaa.

Mwishoni majina yalipanda,
marefu kama orodha ya wadaiwa wa chama cha msingi.
Hakimu: B. Hokororo.
Kijana Anayelia: mimi, herufi mbili wamezikosea.
Mwanamke wa Tatu:
halafu weusi, upana wa jina.

Nilimtazama.
Alikuwa anafunga sarafu kwenye pindo la kanga,
macho yake kwenye ule weusi, anatabasamu,
mama yangu asiyejua kusoma,
au ndivyo alivyoniambia.