Figo, Ukurasa wa Themanini na Nne

Gyumri, saa nane usiku. Theluji imeziba dirisha.
Zaruhi anachora figo kwa mara ya sita,
penseli imebaki urefu wa kidole gumba.
Gamba la nje. Kiini. Nefroni —
mkono unateleza, anafuta, karatasi inatoboka.
Mtihani kesho kutwa.

Chumba cha pili baba yake anakohoa.
Jumanne, Alhamisi, Jumamosi
mashine ya hospitali humchuja damu kwa saa nne,
naye hurudi na plasta mkononi
akiulizia matokeo ya mpira kwanza.

"Taja kazi tatu za figo," kitabu kinaamuru.
Kuchuja taka. Kusawazisha maji.
Ya tatu imemponyoka,
ile ile aliyoijua jana akimenya viazi.

Baba anaingia, soksi za sufu, bilauri nusu ya maji,
kipimo chake hadi asubuhi.
Anautazama mchoro, kichwa upande.
"Hili ndilo linalonisumbua? Mbona umelipamba hivi?"
Anachukua penseli, anaongeza
kijishale kimoja, mahali pasipo pake kabisa.

Zaruhi hakifuti.