Herufi Moja

Fundi Ochola, kando ya barabara ya Lang'ata,
huwahesabu wafu kwa herufi.
Mia mbili kila moja, tarakimu nusu bei,
msalaba ni bure ukilipa taslimu.
"Jina ninalo," akasema, penseli sikioni,
"Kyengo Nthiwa. Sasa mbele yake niweke nini,
Koplo au Sajini?"
Nikahesabu kwa vidole. Tano. Sita.
Herufi moja, shilingi mia mbili,
na miezi kumi na minne niliyokalia mabenchi.

Mali bila daftari, walisema, hupotea bila habari.
Baba alipotea ndani ya daftari.
Faili lipo, lina nambari, lina kutu ya pini,
lina duara la kikombe cha chai cha mtu aliyekwisha kustaafu.
Cheo: Koplo.
Nishani: Hakuna.
Na hilo "Hakuna" liligongwa kwa mashine kwa nguvu
hata nukta ikatoboa karatasi.

Bi Chelagat wa dirisha la tatu si mtu mbaya.
Siku mguu uliponivimba alinitolea kiti chake mwenyewe.
Lakini ushahidi ni ushahidi.

Nikampa barua ya mwaka themanini na tisa, kutoka Namibia,
mchanga bado umo kwenye mkunjo:
"Mama Mwikali, kamanda amenivisha tepe ya tatu
mbele ya kikosi kizima. Mbuzi wa huku hawana mafuta.
Usimuuze yule ndama."
Na chini, kwa mwandiko uliosimama wima: Sajini K. Nthiwa.
Akaisoma mara mbili, akatabasamu penye ndama,
akanirudishia.
"Mume kumtajia mkewe cheo, dada, huo si ushahidi."

Nikampa picha. Kambi ya Kahawa, mwaka uliofuata,
baba kanyooka kama mlingoti wa bendera,
kanibeba mkono wa kulia, soksi yangu moja imeshuka.
Akaleta kioo cha kukuzia.
Tepe moja. Mbili.
"Ya tatu, kama ipo," akasema polepole,
"iko chini ya paja lako."

Basi nikapanda ghorofa nne pale River Road, kwa wakili, kuapa.
*Mimi, Mwikali Kyengo, mtu mzima mwenye akili timamu,
naapa kwamba nishani ilikuwepo.
Ilikuwa na utepe wa buluu, ilikaa katika bati la biskuti
pamoja na vifungo. Naijua kwa uzito wake.
Nilikuwa na miaka minane. Mnunuzi wa vyuma chakavu
alipita nyuma ya nyumba za askari akipiga kengele;
akanipa pipi mbili na puto jekundu.
Baba aliitafuta siku tatu, kisha akaacha,
wala hakuniuliza,
na kila Jamhuri ikifika alivaa koti lake tupu
akalifunga vifungo vyote.*

Wakili akapiga mstari, tangu "Nilikuwa na miaka minane" hadi mwisho.
"Haya hayahusu. Jeshi halikuuliza ilikwenda wapi.
Limeuliza kama ilitolewa."
Nikatia sahihi kilichobaki.
Puto lile lilipasuka kabla ya magharibi. Hilo nalo halikuhusu.

Juni, barua. Karatasi moja.
Bi Chelagat alishuka ghalani mwenyewe, siku yake ya mapumziko,
akafukua daftari la mishahara:
miezi mitano baba alilipwa usajini,
na mhasibu, asiyemjua mtu wala kumpenda mtu,
aliandika kila senti.
Cheo kimesahihishwa.
Nishani: suala bado linashughulikiwa.

Nikarudi Lang'ata na mia mbili mkononi.
Lori la Kathiani lingeondoka Jumamosi.
Nikamwomba Ochola aache nafasi chini ya jina,
upana wa viganja viwili.
Akanitazama, akatazama jiwe.
"Nafasi tupu sitozi," akasema,
akailamba penseli,
akaanza S.