Ngozi ya Pofu

Ng'ombe hawakuwa wetu. Hilo tulilijua
kabla hatujajua kuhesabu vidole.
Walikuwa wa mwenye kilima, kule juu
kwenye kuta za mawe yaliyopangwa bila tope,
nasi huku bondeni tuliwachunga kwa dhamana:
maziwa yetu, samadi yetu,
fisi wetu pia, usiku, na lawama zake.
Nguo ya kuazima haisitiri, wanasema waja.
Maziwa ya kuazima hushibisha,
ila mtu hujifunza kucheua kimyakimya.

Majike kumi na moja. Fahali mmoja
mwenye pembe ya kushoto iliyopindia jicho,
akitazama dunia kama anayepenya uchochoro.
Baba yangu, Bakani, aliwafunga kwenye kamba ya gome:
fundo moja kwa ndama, mawili kwa jike,
na kila mwezi ukiandama alipanda nayo kilimani
kuiweka kiganjani mwa Thusani, msimamizi,
mtu ambaye hata akiweweseka kwa homa
hakusahau baka la ng'ombe.

Mwaka nilioposwa, mvua ilikata uwele ukiwa magotini.
Ndipo wakapita wachuuzi kutoka mashariki,
miguu imepasuka, mizigo mabegani,
wakitafuta pembe za ndovu na vumbi la dhahabu,
vitu ambavyo sisi tulivisikia tu vikipanda kwenda juu.
Walitoka kwenye maji yasiyo na ng'ambo, walisema.
Tuliojua mto wa kuvuka kwa nyayo kavu, tukacheka.
Mmoja akafungua kifurushi.
Shanga, ndogo kama punje za wimbi,
za buluu ambayo hatukuwa na kitu cha kuifananisha nacho,
si anga, si shingo ya kanga.

Baba aliutazama mkono wangu ulivyosita hewani.
Hakusema neno.
Asubuhi zizini palikuwa na ndama pungufu,
na jike mmoja akilia kuelekea njia ya mashariki.

Ndama akifa, unapeleka ngozi. Ndiyo sheria.
Baba akatega pofu mchanga, akamchuna,
akasugua kwa majivu na mafuta
ile mistari myembamba, myeupe, ya mbavuni,
akasugua usiku kucha, mama akimshikia kinga cha moto,
na alfajiri akaikunja, akapanda.

Thusani hakuikunjua haraka.
Alipitisha kiganja mara moja, kinyume cha manyoya.
"Ndama huyu," akauliza,
"mama yake alimzalia kichaka gani?"
Baraza zima likaangua kicheko.
Na baba naye akacheka.
Kicheko kile ndicho kilichomzeesha, si njaa.

Mahari yangu ilikuwa ng'ombe wanane.
Walikuja na vumbi lao, wazuri, wa kahawia,
wakakatiza ua wetu bila kulala hata usiku mmoja,
wakapandishwa kilimani kufidia mmoja.
Mama aliwakimbilia na kibuyu.
Alimkamua mmoja hukohuko njiani, akitembea naye,
mikamuo miwili, mitatu,
kisha mchungaji akapiga mluzi, chuchu ikamponyoka.
Yale maziwa hatukuyanywa. Yaliganda tu, tukiyatazama.

Ngozi ya pofu walimtupia baba airudishe.
Nimeitandika kwa uzazi wangu wote minne.
Mistari imerudi, siku hizi, jinsi majivu yalivyotoka.

Shanga ninazo kiunoni.
Ushanga hauzai, najua, wala hauachi samadi,
na siku ya njaa hukamui kitu humo.
Lakini usiku mume wangu huzihesabu kwa kidole,
taratibu, kama mtu anayerudisha kundi zizini,
nami humkatiza gizani:
rudi nyuma,
hapo umeruka ndama.